Mguso Usio na Mkono

Mkono ninaoandikia haya ni wa kulia. Vidole vyake viwili vya mwisho vimejikunja na sidhani kama vitanyooka tena hapa duniani. Kalamu naishika kwa vitatu vilivyobaki. Nalisema hili mwanzoni ili wewe unayesoma huku umeficha mkono wako ndani ya kanga au mfukoni mwa koti ujue unazungumza na nani. Sista Imakulata, muuguzi aliyenihudumia, ndiye aliyeniomba niandike kwa ajili ya wanaokuja baada yangu. Nadhani alitarajia habari za imani. Imani itakuwemo. Lakini kilichokuwa kingi siku zile ni hofu, na nikiificha, utadhani kuogopa kumekuangukia wewe peke yako.

Mimi ni katekista. Kwa muda mrefu nimefundisha watoto na wakatekumeni wanaojiandaa kwa ubatizo katika kigango chetu cha Mjimwema, hapa Songea, na mke wangu Gaudensia, ambaye namwita Mama Osmund, amelima nami shamba letu upande wa Mpitimbi. Ugonjwa ulinipata miaka ile ambayo ruzuku ya mbolea iliondolewa, wafanyabiashara wakawa wanafuata mahindi kwa malori yao wenyewe, na maduka ya Lizaboni yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni, redio na nguo za mitumba. Kila mtu alizungumza kuhusu mabadiliko. Mimi nilikuwa naangalia baka kwenye mkono wangu.

Lilikuwa baka jeupejeupe chini ya kiwiko, haliwashi wala haliumi. Nililiona wakati wa kuvuna, nikaanza kuvaa mashati ya mikono mirefu, nikaendelea na kazi. Mvua zikaja, mahindi mabichi yakakomaa kiasi cha kuchoma. Jioni moja tulikaa jikoni, nayageuza mahindi kwenye makaa kwa vidole kama tunavyofanya sote: unagusa haraka, unaondoa, unapuliza vidole, unagusa tena. Mama Osmund akanusa, akauliza nani ametia nyama motoni. Nikatazama. Kidole changu cha mwisho kilikuwa kimelala juu ya kaa jekundu, kimetulia kama mtoto kitandani.

Sikupiga kelele. Hakukuwa na maumivu ya kupigia kelele. Mama Osmund ndiye aliyelia. Alinivuta mkono akaupaka asali, nami nikamtazama akiupaka kana kwamba ni mkono wa mgeni aliyeketi katikati yetu. Hatukulitaja neno ukoma. Nilikuwa nimelitamka mara nyingi mbele ya watoto, nikisimulia jinsi Bwana wetu alivyomgusa mgonjwa ambaye hakuna aliyethubutu kumgusa. Nililisimulia vizuri, nikiwa siku zote upande wa wanaotazama.

Hospitali ya misheni iko nje ya mji. Siku ya wagonjwa wa ngozi ilijulikana na watu wote, na benchi lao lilikuwa la peke yake, mwishoni mwa veranda, karibu na mlango wa stoo. Asubuhi ile nilikaa na watu wa malaria. Nilijikunyata kama mwenye homa. Jina langu lilipoitwa ilinibidi ninyanyuke, nipite mbele ya akina mama wote waliopakata watoto, niende mpaka kwenye benchi lile. Mwanamke mmoja niliyemwandaa kwa komunyo ya kwanza alinipa shikamoo, kisha akaona ninakoelekea, akaanza kutafuta kitu ndani ya kikapu chake. Alikitafuta mpaka nilipopita.

Sista Imakulata ni mtawa wa makamo mwenye sauti ya chini. Hakuzunguka. Aliniambia kwamba ni ukoma, kwamba dawa ipo na inaponya, na kwamba niishi nyumbani kwangu na nilale na watu wangu kama kawaida. Nilimshukuru kama mtu aliyepewa chai. Kisha akachukua unyoya wa kuku, akaniambia nifumbe macho, na kila atakaponigusa niseme.

Hapa nieleze nilivyokosea, kwa sababu naamini wengi wetu tutakosea hivyohivyo. Kwetu mtu akikuuliza habari za nyumbani unajibu nzuri. Hata kama umetoka kuzika, unajibu nzuri, halafu ndipo unasema, ila tumefiwa na mama. Habari mbaya haitupwi usoni mwa mtu, inatangulizwa na njema. Sista akauliza, "Hapa je?" Nikajibu ndiyo. "Ila" yangu nilikuwa nayo mdomoni: ila hapo ni kama unanigusa kupitia blanketi, ila pale sina hakika kabisa. Lakini Sista alikuwa na watu wengi wanaomngoja, na ndiyo yangu ikamtosha, unyoya ukahamia pengine. "Na hapa?" Ndiyo. Nilisikia rozari ya kiunoni mwake ikigonga meza kila alipoinama, kwa hiyo nilijua ni lini nijibu. Kumkatalia mtawa aliyeshika mkono ambao wengine wanaukwepa niliona ni kukosa shukrani.

Basi tukaendelea hivyo. Kila mwezi nilirudi, nikameza dawa mbele yake, nikapewa nyingine za nyumbani, nikafumba macho, nikasema ndiyo.

Dawa zile zinatisha kabla hazijasaidia. Sista alikuwa amenionya kwamba mkojo utakuwa mwekundu, lakini nilipouona nilishika ukuta wa choo nikasali sala ya wanaokufa. Baadaye ngozi yangu ikaanza kuiva, ikawa nyeusi ya kung'aa kama niliyepakwa masizi na mafuta. Watu wa mtaani walionijua toka ujana wakawa wananitazama mara mbili kabla ya kunisalimia.

Nyumbani tulikuwa tunaishi na mtoto wetu Osmund, mkewe Theofrida, na mjukuu wetu mchanga. Theofrida ni binti mwenye heshima, hakunitamkia neno baya hata siku moja. Ila kikombe changu kikaanza kukaa peke yake dirishani. Nikimwomba mtoto nimpakate, aliniambia amelala, nami namsikia mtoto akicheka chumbani. Osmund alivumilia kwa muda, halafu siku moja tukiwa tunapukuchua mahindi akasema anafikiria kunijengea chumba nyuma, karibu na mgomba, nipate kupumzika vizuri. Niliendelea kupukuchua. Mama Osmund hakunyamaza.

"Ni kwa ajili ya mtoto tu, mama," Osmund akasema.

"Wewe ulilala juu ya mkono huohuo mpaka ukaota meno," mama yake akamjibu. "Ukimpimia baba yako kibanda, pima kiwe cha watu wawili."

Kibanda hakikujengwa. Lakini nilijua kimekwisha kujengwa ndani ya kichwa cha mwanangu, nami nilikuwa nalala humo kila siku.

Kanisani, wakati wa kutakiana amani, niliona jinsi mikono inavyoweza kuwa na shughuli. Mmoja anarekebisha kitambaa cha kichwa, mwingine anafungua kitabu cha nyimbo. Walinitikisia kichwa, na walinitikisia kwa upendo, nakiri hivyo. Lakini kilichonitia hofu zaidi hakikuwa watu. Nilikuwa nasali rozari, nikafika mwisho wa fumbo, nikatazama chini nikakuta punje hazimo mkononi. Zilikuwa zimeanguka mapajani, sijui tangu lini. Nilikuwa nimehesabu vidole vitupu. Nikajiuliza, kama kitu kitakatifu kinaweza kuniponyoka bila mimi kujua, ni nini kingine kimekwisha kuniponyoka?

Masika ya pili yalipoanza, vidole viwili vya mwisho vikaanza kukunjika. Jembe lilinichomoka likaruka mbele ya miguu ya Mama Osmund. Vifungo vya shati akawa ananifunga yeye. Sista akatazama vidole vile akakunja uso. Alisema haelewi, kwa sababu kila mwezi nimekuwa nikimwambia nahisi vizuri, na mkono unaohisi vizuri haukunjiki namna hii. Nikamwambia labda ni uzee. Nilikuwa naogopa jibu la kweli kuliko nilivyoogopa ule moto.

Ndipo wakaja wageni kutoka Dar es Salaam. Walikuwa wanazunguka hospitali za kusini na mashine ya kupima mishipa ya fahamu, na Sista akaniambia amewaomba wanipime mimi na wengine waliopata shida za mikono. Tuliiona ikishushwa kwenye gari: sanduku zito lenye vitufe, waya mnene kama mpini, na mwisho wa waya pete nyeusi kubwa kama sahani ya chakula. Kabla ya mchana veranda nzima ilikuwa na habari zake. Mmoja alisema ni mumiani, inavuta damu bila sindano. Mwingine alisema inaweza kukugusa ndani ya nyama huku imesimama mbali nawe. Huyu wa pili, kumbe, alikuwa amesema kweli.

Kwenye benchi nilikaa na Mzee Saidi, mkulima wa tumbaku kutoka Namtumbo, Myao, ambaye mikono yake ilikuwa imekufa ganzi zamani kuliko wangu. Alikuwa mtani mkubwa, na ugonjwa haukumpunguzia.

"Nyie Wangoni mlitoka kusini kote huko mnachoma watu mikuki," akaniambia. "Leo unatetemekea pete isiyo na ncha."

Nikamwambia mkuki unaonekana unapokuja.

"Hapo umesema," akajibu, akaacha kucheka.

Nieleze hofu yangu ilikuwa ya namna gani, kwa sababu haikuwa ya mumiani. Dada yake Mama Osmund, anayekaa Lizaboni, alikuwa akituambia toka mwanzo kwamba nimetupiwa kitu, na kwamba kuna mganga anayejua kukitoa. Nilikuwa nimemkatalia kwa maneno yote ya katekesi. Sasa naambiwa niketi niguswe na kitu kisicho na mkono wala mwili. Nimefundisha maisha yangu yote kwamba vipo vinavyotugusa bila kuonekana, na kwamba si vyote vitokavyo kwa Mungu. Niliogopa kwamba nitahisi, na sitajua ni nani. Niliogopa pia kwamba sitahisi kitu chochote. Hofu hizo mbili zilivutana ndani yangu kama watu wawili wanaogombea jembe moja.

Nilimwuliza Sista kama ni halali.

"Inafanya kazi kwa sumaku, na sumaku kaiumba Mungu, baba, na mashine wameiunda watu," akasema. "Mimi mwenyewe naiogopa kidogo. Nitasimama karibu nawe."

Daktari aliyenipima aliitwa Mwanaidi, binti wa Tanga, amejifunga mtandio, mdogo kuliko Osmund wangu. Aliniamkia shikamoo na kumwamkia Mama Osmund aliyekuja kunisindikiza, akatupatia viti, akaeleza kabla ya kugusa chochote. Kama mshipa wa mkono wangu bado una uhai, kuna vidonge vikali vya kutuliza uvimbe unaoubana, na huenda mkono ukarudi. Vidonge hivyo vina madhara, kwa hiyo hampi mtu ambaye mshipa wake umekufa.

"Na ukiwa umekufa?" Mama Osmund akauliza.

"Basi, mama, tutamfundisha baba kuutunza mkono usiohisi. Macho yake yatafanya kazi ya vidole mpaka mwisho."

Nilitazama mkono wangu juu ya meza ile na nikaona kwamba siku hiyo unahukumiwa.

Akaniambia nifumbe macho. Nikasikia mlio, ta, kama kijiti kikavu kinavunjwa. Akaniuliza kama nimehisi kitu. Nikasema ndiyo, mwanangu. Mlio mwingine. Ndiyo. Mlio wa tatu, na mimi nikasema ndiyo kabla hajauliza.

"Fumbua macho, baba."

Alikuwa amesimama upande wa pili wa chumba, karibu na dirisha, pete ameishika juu, imeelekea nje. Alikuwa anaipigisha hewani.

Sikuona dharau usoni mwake, na hilo lilinifedhehesha zaidi. Alirudi akaketi mbele yangu, magoti yake karibu na yangu, kama anavyoketi mtoto wa ndugu aliyekuja na ujumbe.

"Baba, nimesafiri safari yote hii kuja kusikia hapana," akasema. "Hapana yako hainivunjii heshima. Lakini ndiyo ya kunipa heshima nikiipokea, nitaondoka, na mkono wako utakufa huku mimi nimeandika mzima."

Nikasema hapana. Nikasema sikuhisi chochote. Nyuma yangu Sista Imakulata akauliza polepole, "Na zangu je, baba? Zile za kila mwezi?"

Nikamwambia nyingi zilikuwa za heshima. Sista akavuta kiti, akaketi, akashika paji la uso. "Na mimi nilikuwa nafurahi," akasema. Hakunilaumu, wakati ule wala baadaye. Aliniambia tu kwamba miezi ile yote mshipa ulikuwa ukibanwa, na kama angejua angenipa vidonge vile mapema. Ndipo nilipoelewa kwamba huenda nimechelewa, na kwamba hakuna aliyenichelewesha isipokuwa adabu yangu mwenyewe. Nilitaka kuondoka, nisijue kabisa, kwa sababu mtu asiyejua bado ana mkono.

Mama Osmund aliniwekea kiganja mgongoni. Nikabaki.

Safari hii macho yalikuwa wazi. Daktari akaishusha pete juu ya mkono wangu, chini ya kiwiko, akapitisha karatasi katikati nione kwamba haijagusa ngozi. Ta. Kidole changu cha mwisho kikaruka. Kiliruka peke yake, kama mguu wa kuku aliyekwisha kuchinjwa. Mama Osmund akapiga ishara ya msalaba. Daktari akauliza kama nimehisi.

"Hapana," nikasema. "Nimekiona tu."

Akatabasamu, mara yake ya kwanza. Sikuelewa kwa nini hapana inamfurahisha mtu.

Kisha akaisogeza pete juu ya kiwiko, kwenye msuli wa juu, tena bila kugusa. Ta. Hakuna kitu, nami nikasema hakuna. Akazungusha kitufe. Ta. Hakuna. Akazungusha tena, na Sista akanisogelea. Ta.

Kulikuwa na mtu.

Sijui namna nyingine ya kuandika. Kidole kile kilichoungua nikikitazama, kisichojua punje ya rozari wala mpini, kiliguswa ubavuni, haraka, jinsi mtu anavyokugusa kwenye foleni akitaka umpishe. Nikageuka kumtazama. Nilitazama kando ya meza, nikatazama chini ya meza. Hapakuwa na mtu. Nikauvuta mkono nikaubana kifuani. Sijaogopa namna ile tangu nizaliwe. Ule moto haukunitisha hivyo, maana moto niliuona.

"Nani amenigusa?"

"Hakuna, baba. Kidole hakijaguswa. Nimeuamsha mshipa huku juu, kichwa chako kikadhani ni kidole."

"Kwa hiyo si kweli."

"Mguso si kweli," akasema. "Mshipa ni kweli."

Akanionyesha kwa kidole chake juu ya ngozi yangu. Mshipa ni kama barabara: ipo chini ya kiwiko, kwa sababu kidole kimeruka. Barabara ipo juu ya kiwiko, kwa sababu kichwa kimepata habari. Imebanwa katikati. Haijakufa. Hayo ndiyo maelezo yote niliyoyashika, na yamenitosha.

Nikasali ndani kwa ndani kwamba kama kitu hiki si chako, Bwana, kiondoe, na kama ni chako, nipe moyo. Halafu nikarudisha mkono mezani, nikamwomba daktari arudie. Nilikuwa bado naogopa. Lakini nilikuwa na njaa ya mguso ule, hata kama ulikuwa wa uongo, kama mtu aliyekaa muda mrefu bila kuitwa jina lake. Akarudia. Machozi yakanitoka, na Sista akajifanya anatazama dirishani.

Mzee Saidi aliingia baada yangu. Tulioketi verandani tuliusikia ule mlio, tena na tena, kwa muda mrefu kuliko wangu. Alipotoka aliketi karibu nami akaivaa kofia yake vizuri kwa viganja, maana vidole havikuweza.

"Wamepiga hodi sana, Katekista," akasema. "Kwangu hakuna mtu."

Nilimshika mkono, na nilijua hakuhisi, kwa hiyo nikaushika mahali alipoweza kuona. Alirudi Namtumbo na mpini wa jembe uliozungushiwa vitambaa na mafunzo ya kuangalia mikono yake kila jioni kwa mwanga wa taa. Nimemweka kwenye sala zangu, na sisali nikijiona bora kuliko yeye. Mimi na yeye tulikaa benchi moja.

Vile vidonge vikali nilivimeza kuanzia katikati ya mvua. Uso ulivimba ukawa wa mviringo, macho yakazama. Njaa ilinishika kama ya kijana mlima matuta. Nilikula ugali, nikasubiri sufuria ioshwe, nikauliza kama kuna kingine. Mama Osmund akawa anawaambia majirani kwamba ameolewa upya na mwanamume mnene mweusi asiyemfahamu. Theofrida ndiye aliyenipikia mara zote hizo. Siku moja kikombe changu hakikuwa dirishani. Nilikitafuta, nikakikuta kwenye beseni pamoja na vya wengine, na Theofrida anaviosha bila kuniangalia. Baada ya mavuno akaniletea mtoto, akamweka mapajani pangu, akaenda zake kuchambua mboga kana kwamba amekuwa akifanya hivyo siku zote. Nilimshika mtoto kwa mkono wa kushoto. Wa kulia nilikuwa bado siuamini.

Maana hofu haikuondoka. Kila mwezi Sista alinigusa kwa unyoya, na sasa nilikuwa najibu kweli, na kweli ilikuwa hapana. Hapana kwenye kiganja, hapana kwenye kidole, hapana, Sista, samahani. Daktari Mwanaidi alikuwa amekwisha kuondoka na mashine yake, na wakati mwingine nilijiuliza kama mguso ule ulinijia kweli, au niliutaka sana mpaka nikauota nikiwa macho. Nilifundisha watoto kuhusu tumaini huku mkono umelala mezani kama kitu kilichosahauliwa na mtu. Vidonge vikapunguzwa kidogo kidogo. Uso ukaanza kurudi. Mkono haukurudi.

Ndugu unayesoma, sina elimu ya kukupa kuhusu ugonjwa huu, waliosoma watakupa. Nakuomba mambo machache tu. Ukiliona baka, usilivalie shati. Kaa kwenye benchi lako, usijifiche kwenye la wengine. Watu wako wakikuogopa, wavumilie kidogo, kwa sababu hata wewe unajiogopa. Na ukifumbishwa macho ukaulizwa kama unahisi, ukae kimya kwanza, uutafute mguso, na usipoupata useme hujaupata. Yule anayekuuliza hakusalimii.

Vidonge vya mwisho nilivimeza kipupwe kilipokuwa kimeingia, wakati ukungu unalala Mjimwema mpaka jua lipande na watu wanaota moto wa makaa yaliyowekwa kwenye vigae vya vyungu. Asubuhi moja niliamka kabla ya wengine, nikatoka nje kunawa uso niende kanisani. Maji yalikuwa yamelala kwenye ndoo. Nikachota kwa kata kwa mkono wa kushoto, nikayamimina juu ya wa kulia, bila kufikiri, kama kila siku.

Yakaniuma.

Nilitazama kama kuna mtu nyuma yangu, kwa mazoea ya ile siku, na hapakuwa na mtu, ila maji yalikuwepo, nayaona yanadondoka. Nikamimina tena. Baridi ilianzia kwenye kiganja, ikapanda kando ya kidole cha mwisho kilichokunjika, nyembamba, chungu. Sikuita mtu. Niliogopa nikifungua mdomo itaondoka. Nikamimina tena, na tena, mpaka kata ikakwaruza chini ya ndoo.

Mama Osmund akatoka amejifunika kanga, akaitazama ndoo tupu na tope miguuni pangu.

"Maji yote yameishia wapi, Baba Osmund?"

"Mkononi," nikasema.

Aliutazama mkono uliokuwa unadondosha maji. Kisha akachukua ndoo, akaenda kuchota mengine.